Sura ya Pili ya Gari: Utangulizi

Gari jipya likitoka kiwandani hupewa miaka miwili, mitatu, pengine minne ya kuishi na uso wake wa kwanza. Kisha kiwanda chenyewe hurudi kulishika. Taa za mbele hubadilishwa, grili hupanuliwa au kufinywa, bampa huchongwa upya, na nyuma huwekwa taa zinazowaka kwa mpangilio mwingine. Paa na milango haiguswi. Katika yadi za Mombasa na Nairobi kazi hiyo huitwa fesilifti, na jina limeshakaa vinywani mwa watu kiasi kwamba nitalitumia vivyo hivyo. Swali linaloiongoza taaluma ninayokukaribisha ni jepesi kuuliza: gari likiwa zuri tangu mwanzo, je, fesilifti huliharibu?

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji ajue anakopelekwa. Mara nyingi, ndiyo. Na sababu yake haiko kwenye uvivu au upungufu wa vipaji vya wasanifu. Gari zuri hasa halina kipande kilicholegea. Kila mstari wake umeshikwa na mwingine. Anayeruhusiwa kubadilisha taa tu, bila kugusa bati linaloizunguka, amepewa kazi ambayo karibu haiwezekani. Gari la kawaida, na zaidi gari la kazi, lina nafasi ndani yake. Hilo hustahimili mkono wa pili, na wakati mwingine hufaidika nao.

Huenda mtu akashangaa kwamba somo hili naliweka Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma, mbali na Turin, Stuttgart na Nagoya. Kwangu hapa ndipo mahali pake. Kule magari yanakochorwa, uso wa kwanza hutoweka barabarani upesi. Mjapani huliuza gari lake likiwa bado na nguvu, kwa kuwa ukaguzi wa lazima unaorudi kila baada ya miaka 2 humgharimu pesa nyingi. Gari hilo hupanda meli, na huku kwetu huanza maisha yake marefu. Simama kituoni Ndalu asubuhi, watu wakielekea Kitale, utaona Toyota Probox ya uso wa kwanza imeegeshwa ubavuni mwa Probox ya uso wa pili, zote mbili zikijazwa magunia na abiria, na utaweza kuzilinganisha kwa macho yako bila kufungua kitabu chochote. Mwanafunzi wa usanifu aliye Ulaya hupata nafasi hiyo katika jumba la makumbusho tu.

Sheria nayo inatusaidia. Kiwango KS 1515, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hakiruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limevuka miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba kila uso wa gari una msimu wake wa kuingia Kenya: uso wa kwanza hufungiwa mlango wakati uso wa pili bado unapita Mombasa. Ubishi uliozimika Japani zamani huanza kwetu kama jambo jipya. Nimewasikia vijana wakibishana juu ya Toyota Premio ya shepu ya zamani na ya shepu mpya kwa ukali ambao wengine huuweka kwa siasa, na hoja zao, nikiziandika kwa lugha ya darasani, ni hoja za taaluma hii hii.

Basi tuanze na bati. Bodi ya gari hutengenezwa kwa kugandamiza mabamba ya chuma kati ya kalibu mbili nzito, kwa mashine yenye nguvu kubwa mno. Kila mlango, kila ubavu na kila paa lina kalibu zake, na kuzichonga ni miongoni mwa gharama kubwa za kuanzisha gari jipya. Kwa sababu hiyo kiwanda hukusudia kuzitumia mpaka siku ya mwisho ya modeli. Bampa ya plastiki, taa na grili hutoka kwenye kalibu za bei nafuu zaidi, nazo hushikiliwa kwa klipu na skrubu. Boneti na madigadi ya mbele hufungwa kwa bolti, kwa hiyo pesa zikipatikana nayo huguswa. Nguzo za kioo, paa na ubavu mzima wa nyuma vimechomelewa pamoja, hivyo havisogei. Ramani ya fesilifti, kwa maneno mengine, huwa imeshachorwa na mhasibu kabla msanifu hajashika kalamu yake.

Desturi yenyewe ni ya Marekani. Henry Ford alitengeneza Model T kuanzia 1908 hadi 1927 akiamini kwamba gari moja linatosha kwa kila mtu. Alfred Sloan wa General Motors aliona vinginevyo: mtu aliye na gari zima atashawishika kununua lingine iwapo la jirani lina uso mpya. Mwaka 1927 kampuni yake ilimpa Harley Earl idara ya kwanza ya aina yake, ya kushughulikia sura na rangi, na tangu hapo kubadilisha uso kukawa sehemu ya kalenda ya kiwanda. Wajapani waliipokea desturi hiyo na kuifanya kuwa kama saa: katika miaka ya 1980 modeli nyingi zao ziliishi miaka 4, na katikati, kwenye mwaka wa pili, uso ukaguswa. Magari yaliyoijaza Afrika Mashariki ni matunda ya saa hiyo.

Sasa nikuonyeshe gari moja kwa karibu, kwa kuwa taaluma hii hufundishwa kwa kutazama. Chukua Subaru Impreza ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2000. Hili ni gari lenye nyuso tatu juu ya mwili mmoja. Uso wa kwanza ulikuwa na taa kubwa za duara, na wanunuzi wengi waliuchukia. Kampuni haikusubiri; mwishoni mwa 2002 ulikuja uso wa pili wenye taa zilizotulia, ambao Peter Stevens, Mwingereza aliyelichora gari la McLaren F1, alishiriki kuutengeneza. Mwaka 2005 ukaja wa tatu, taa zimevutwa nyuma na grili ya katikati imetandazwa mfano wa mabawa, chini ya Andreas Zapatinas, Mgiriki aliyewahi kufanya kazi Alfa Romeo. Mashabiki wa Uingereza walizipa majina: jicho la mdudu, jicho la tone, jicho la mwewe. Wakenya wengi waliujua ule wa kwanza kwa vumbi, kwa sababu timu ya kiwanda iliuleta kwenye Safari Rally ya 2001 na ya 2002. Baada ya hapo Safari ikaondolewa katika Ubingwa wa Dunia hadi 2021, na nyuso mbili zilizofuata zikatufikia kwa njia ya meli tu.

Wengi husema uso wa pili uliliokoa gari. Hebu tupime. Nenda ubavuni mwa Impreza ya uso wa kwanza, sedani ya WRX, uchuchumae usawa wa gurudumu la mbele. Utaona kwamba madigadi yametuna juu ya tairi, na uvimbe wake ni wa duara, umetoka nje ya mwili kama msuli. Fuata uvimbe huo kwa jicho kuelekea mbele. Unapokwisha, inaanza taa, nayo ni duara. Makali ya boneti yamelazimika kujipinda kuizunguka. Hakuna kilicholazimishwa hapo. Taa inasema kile ambacho madigadi tayari yamesema. Kisha nenda kwa gari la uso wa pili. Boneti na madigadi ya mbele yamebadilishwa pamoja na taa, na kazi ni safi, mishono imenyooka, huwezi kuilaumu. Lakini taa sasa ina pembe, na madigadi ya nyuma, ambayo yamechomelewa na hayakuguswa, bado yamevimba kwa duara lile lile la awali. Mbele na nyuma havizungumzi tena. Kwenye uso wa tatu vimeachana zaidi. Msimamo wangu ni kwamba uso uliochukiwa ndio uliokuwa wa gari lile, na nyuso mbili zilizopendwa zilikuwa nyuso nzuri za gari jingine.

Utakubali au utakataa. Ninachokuomba ni kwamba ukikataa, ukatae ukiwa umechuchumaa pale pale, ukitazama bati lenyewe.

Impreza, hata hivyo, haikuwa gari la kusifiwa kwa urembo. Wacha tuyaendee mazuri. Datsun 240Z ilitoka mwaka 1969, imechorwa na timu ya Yoshihiko Matsuo: boneti ndefu, taa zimezamishwa ndani ya madigadi, bampa nyembamba za chuma zinazong'aa, kioo cha nyuma kikiteremka bila kukatika. Edgar Herrmann alishinda Safari nalo mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda nalo tena baada ya kulingana alama na Harry Källström, naye pia wa Datsun. Wakati huo huo Washington ilikuwa imepitisha sheria: kuanzia magari ya modeli ya 1973, bampa ya mbele istahimili kugonga kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, kama kilomita 8. Mrithi wake, 260Z, kuanzia katikati ya 1974 aliuzwa Marekani akiwa na bampa nzito zilizosogezwa mbele ya mwili. Kwingineko duniani bampa nyembamba ziliendelea. Kwa mwanafunzi hii ni bahati adimu, kwa sababu gari ni moja na mwaka ni mmoja, tofauti ikiwa sheria peke yake. Weka picha mbili sambamba utaona kwamba mstari wa boneti, uliokuwa ukishuka mpaka karibu na lami, sasa unagonga ukuta. Waingereza waliumizwa na sheria hiyo hiyo: MGB, gari dogo la wazi lililopendwa sana, mwaka 1974 lilivikwa bampa nene nyeusi na kunyanyuliwa juu, na hata uendeshaji wake ukaharibika.

Nafika kwa gari ninalolijali kuliko yote, Peugeot 504, Pijo ya wazazi wetu. Ilionyeshwa Paris mwaka 1968 na kutajwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1969. Studio ya Pininfarina ndiyo iliyoichora. Taa zake za mbele zina pembe nne zisizolingana, zimeinuka kuelekea nje. Na buti lake, ukilitazama kutoka ubavuni, huenda sawa kisha likavunjika na kuinama ghafla. Kila nikilitazama kunjo lile la buti naona ujasiri. Msanifu mwoga angeliacha buti lishuke polepole. Watu wa magharibi mwa Kenya waliijua zaidi ile ya stesheni wagoni, yenye safu tatu za viti, iliyowabeba kutoka Nairobi kuelekea Eldoret, Kitale na Kisumu kwa mwendo ambao mabasi hayakuuweza. Gari hili liliunganishwa hapa hapa nchini, na liliendelea kuunganishwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuiacha sedani yake mwaka 1983.

Katika miaka yote hiyo sedani haikufanyiwa fesilifti ya maana. Vishikio vya milango vilibadilishwa, grili ikaguswa, basi. Taa zile zilibaki, kunjo lile likabaki. Lakini ndugu yake, kupe ya milango miwili ambayo Pininfarina iliichora na hata kuitengeneza bodi yake, haikuachwa. Ilitoka mwaka 1969 ikiwa na taa nne ndogo mbele. Mwaka 1974 zikaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mbili kubwa, na 1979 bampa za chuma zikapisha za plastiki. Wanaoithamini kupe hiyo, wengi wao, huitaka ya kabla ya 1974, na mimi ni mmoja wao: taa nne ziliufanya uso kuwa mpana na mwepesi, mbili zimeufanya kuwa wa gari lolote la Ulaya la wakati ule. Ila historia haikuwa upande wetu. Jean-Pierre Nicolas alipoipa Peugeot ushindi wa Safari ya 1978, alikuwa ndani ya kupe ya V6 yenye uso wa pili. Wakenya waliosimama kando ya barabara siku zile hawajui uso mwingine, na kwao huo ndio wa asili. Hapa taaluma yetu hupata ugumu wake wa kweli, kwa sababu neno «asili» lina mtu nyuma yake, mtu aliyeliona gari mahali fulani mwaka fulani. Ofisi ya usanifu ina tarehe yake ya kuanza. Kijiji kina ya kwake.

Je, hakuna fesilifti iliyolikuta gari zuri na kuliacha zuri zaidi? Ipo, na kila anayeingia katika somo hili lazima aijue. Citroën DS ya 1955 ilitoka mikononi mwa Flaminio Bertoni, mchongaji wa Kiitaliano aliyehamia Ufaransa. Bertoni alifariki mwaka 1964. Robert Opron aliyemrithi aliupa mwili ule uso mpya mwaka 1967: taa nne zilizofunikwa kwa kioo, zile za ndani, kwenye modeli za juu, zikigeuka pamoja na usukani ili kumulika kona kabla gari halijaifikia. Ilifaulu kwa sababu Opron aliruhusiwa kuyachonga upya madigadi ya mbele. Kioo cha taa kinafuata mviringo wa bati, na bati limetengenezwa likijua kioo kinakuja. Hakubandika kitu, aliendelea pale Bertoni alipoishia. Pia alikuwa na subira ya kuusoma mkono wa marehemu kabla ya kuweka wa kwake, na kwa maoni yangu hilo ni adimu kuliko bajeti.

Bruno Sacco, mzaliwa wa Udine aliyeongoza usanifu wa Mercedes-Benz kuanzia 1975 hadi 1999, aliligeuza jambo hili kuwa kanuni ya kazi. Alitaka gari jipya lisilifanye la kabla yake lionekane limepitwa. Tazama W124, iliyowahi kuwa gari la mabalozi na wakurugenzi katika nchi zetu. Fesilifti yake ya 1993 iliiingiza grili ndani ya boneti, fremu ya kromu ikawa nyembamba, na hapo ndipo macho mengi huishia. Lililo zee halikudharauliwa. Yaweke mawili pamoja, hutaona baba aliyeaibishwa na mwanawe. Nataka wasomaji wachanga wamsome Sacco mapema, kabla hawajazoea kelele za magari ya sasa ambayo grili zake hukua kila baada ya miaka mitatu.

Magari ya kazi yanahitaji kipimo kingine. Probox ilitoka mwaka 2002 kwa ajili ya mawakala wa mauzo wa Japani. Mwaka 2014 Toyota iliibadilisha kwa kiasi kikubwa: mbele mpya, dashibodi mpya yenye meza ya kuvuta na kishikio kinachotosha pakiti ya maziwa ya lita moja, giaboksi ya otomatiki isiyo na hatua. Mwili wa nyuma, lile sanduku lenyewe, ulibaki. Sijasikia mtu yeyote Ndalu akililia uso wa kwanza kwa sababu ya urembo. Wanalilia giaboksi ya mkono, ambayo ile ya 2014 haina. Huo ni ukosoaji wa usanifu ulio sahihi kabisa, kwa maana katika gari la kazi umbo hukaa ndani ya kazi, na dereva anayepanda mlima wa udongo mvua ikinyesha, na magunia ya mahindi nyuma, anajua ni sehemu gani ya gari lake iliyoharibiwa.

Land Cruiser ya familia ya 70 inafundisha zaidi. Ilizaliwa mwaka 1984 na taa za duara. Mwaka 2007 ilibidi mbele ipanuliwe ili injini ya dizeli ya V8 ya lita 4.5 ipate nafasi; boneti ikawa pana, madigadi yakavimba, taa zikaunganishwa na kona. Magurudumu ya mbele ya gari lile la V8 yalisogezwa nje, ya nyuma yakaachwa yalipokuwa, hivi kwamba ukisimama nyuma yake kwenye tope utaona njia mbili: matairi ya nyuma hayafuati mkondo uliokatwa na ya mbele. Fesilifti imeandikwa ardhini. Mwaka 2023 Toyota ilirudisha taa za duara, na dunia nzima ya wapenzi wa gari hilo ikafurahi. Mimi pia nilifurahi, ingawa mwanafunzi makini atagundua kwamba duara zile zimewekwa juu ya mbele pana ya 2007, wala si juu ya ile nyembamba ya 1984.

Hata matrekta yana habari hii. Eneo la Ndalu na Tongaren lilikuwa la walowezi kabla ya uhuru, kisha likakatwa kuwa mashamba madogo ya makazi, na trekta haijawahi kuondoka. Massey Ferguson 135 ya 1964 na 240 iliyokuja baadaye zina injini ile ile ya Perkins ya silinda 3. Kilichobadilika sana ni bati la juu: la 135 lina mabega ya mviringo, la 240 limenyooshwa kama kasha. Mkulima huyatofautisha kwa mbali kwa umbo hilo, na fundi akifungua boneti hukuta injini anayoijua tayari.

Nimezungumza juu ya mikono miwili, wa aliyelichora gari na wa aliyelirudia kiwandani. Vitabu vingi vya usanifu huishia hapo, na hilo ndilo pengo ninalotaka taaluma yetu ilizibe. Kuna mkono wa tatu. Uko katika mabanda ya jua kali ya Kitale, Bungoma na Webuye, kwa mafundi wa bodi na wa rangi.

Tazama Prado ya mfululizo wa 150. Ilitoka mwaka 2009, ikabadilishwa uso 2013, ikabadilishwa tena 2017. Mwenye gari la 2010 anayetaka lifanane na la 2018 hununua seti nzima: bampa, grili, taa, boneti, madigadi ya mbele. Fundi hufungua bolti, hutundika boneti mpya, huilinganisha, huishusha, huiinua tena. Ugumu wake haupo mbele. Upo pale madigadi mapya yanapokutana na mlango wa zamani. Mlango umepigwa na jua la miaka kumi; rangi yake si ile tena iliyoandikwa kwenye kibati cha kiwanda. Fundi wa rangi huchanganya, hujaribu kwenye kipande cha bati, hukitoa juani, hukirudisha kivulini, huongeza tone la nyeusi. Kisha huipuliza rangi ile mpaka ndani ya mlango wenyewe ili jicho lisipate mahali pa kusimama. Mshono ukizidi unene wa mshono wa upande wa pili, kazi yote imeonekana. Hapana shule ya usanifu inayofundisha macho kwa ukali huo, na mtu yule hajawahi kuitwa msanifu.

Matokeo yake nayapima kwa kipimo kile kile. Uso wa 2017 ulichorwa na Toyota kwa ajili ya mwili ule ule wa 2009, kwa hiyo kwenye bati unakaa. Tatizo langu liko kwenye nia. Kitabu cha gari hurekodi mwaka wa kutengenezwa, rangi na aina ya bodi, hakirekodi uso. Mnunuzi anayesoma uso bila kusoma kitabu hudanganyika, na sioni haya kusema kwamba fesilifti iliyofanywa ili kuficha umri imeliharibu gari hata kama kila mshono umenyooka. Iliyofanywa kwa sababu ng'ombe alivuka barabara usiku na taa iliyopatikana dukani ilikuwa ya uso wa pili, hiyo ni habari nyingine. Mara nyingi taa hiyo hukaa, maana kiwanda hakikuhamisha matundu ya bolti, na gari hutembea likiwa limechanganya miaka miwili ya usanifu. Magari ya namna hiyo hayamo katika katalogi yoyote. Yamo barabarani kwetu, na yanastahili kusomwa kwa heshima.

Msomaji atakayeendelea na somo hili ataombwa ajizoeze mambo machache. Alitazame gari kutoka ubavuni kabla ya kwenda mbele, kwa sababu uso hupiga kelele na ubavu husema kweli. Auzibe uso kwa kiganja na kujiuliza mwili uliobaki unadai taa ya umbo gani, kisha aondoe mkono aone kama dai limetimizwa. Amwulize fundi ni bolti zipi alizofungua na zipi hazikufunguka. Aulize pia wazee waliolijua gari likiwa jipya, na aandike mwaka wanaoutaja, kwa kuwa kumbukumbu yao ni sehemu ya ushahidi wetu.

Kazi iliyo mbele ya wengine haitangoja. Pijo zilizobaki kati ya Kitale na Bungoma, nyingi zikiwa pikapu, zinakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu moja baada ya nyingine, na kila moja imepita mikononi mwa mafundi wawili au watatu walioacha alama zao juu ya mchoro wa Pininfarina: taa za gari jingine, bampa ya kuchomelea kwa bomba, buti lililonyooshwa baada ya ajali hadi kunjo lake likapotea. Zinahitaji kupigwa picha pande zote nne, kupimwa mishono, na mafundi wake wahojiwe wakiwa bado wanakumbuka walichokifanya na kwa nini. Anayetaka kuingia katika taaluma hii aanze na hizo.